Popobawa, mngwa, chemosit na wenzao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila uvumi wa kiumbe wa ajabu unapozuka Unguja, Dar es Salaam au Eldoret, maswali huwa ni yale yale. Majibu yako hapa chini, marefu pale penye mengi ya kusema, mafupi pale pasipo na kitu. Tahadhari moja kwanza: viumbe hawa si wa aina moja. Kuna majini, kuna wanyama wa hadithi za usiku, kuna wanyama wa kweli waliotoweka, na kuna mauaji ya binadamu yaliyosingiziwa wanyama. Ukiwatia wote gunia moja hutaelewa hata mmoja.

Popobawa ni popo au jini?

Kwa waliokumbwa naye, ni jini. Jina lake husemwa limetokana na kivuli cha mabawa kinachotanda anapopita, lakini ukisikiliza masimulizi yenyewe ya Pemba na Unguja, popo haonekani sana. Mtu amelala, anashtuka, chumba kimejaa harufu kali, kuna uzito kifuani. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Anataka kuinua mkono, haunyanyuki. Wengine husema waliingiliwa kimwili, wanaume kwa wanawake. Na wengi hutaja sharti moja: ukishatendewa, waambie wenzako, ukinyamaza atakurudia. Sharti hilo peke yake linatosha kuifikisha habari kila kijiji kabla jua halijatua.

Alianza lini?

Wazee wa Pemba humrudisha nyuma hadi miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha shehe aliyegombana na majirani, akamtuma jini awalipizie, kisha jini akamshinda nguvu na kuanza kujiendea atakako.

Wimbi lililompa umaarufu ni la 1995. Lilianza Pemba mwezi wa Ramadhani, ambao mwaka huo uliangukia Februari, likavuka hadi Unguja na uvumi wake ukafika bara. Familia nzima zilitoa mikeka nje zikalala pamoja kuzunguka moto, kwa imani kwamba hamgusi mtu aliye macho katikati ya wenzake. Aliibuka tena karibu na mwaka 2000, na mwaka 2007 zamu ikawa ya Dar es Salaam.

Ni kweli kwamba hutumwa na wanasiasa?

Hili husemwa sana, na ukitazama kalenda utaona kwa nini. Oktoba 1995 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, na Pemba ilikuwa ngome ya upinzani. Wafuasi wa CUF walisema serikali imemleta ili watu wasahau siasa. Uchaguzi wa 2000 nao ulifuatiwa na umwagaji damu wa Januari 2001.

Lakini mwaka 2007 hapakuwa na uchaguzi wowote, na wimbi la 1995 lilitulia miezi kadhaa kabla ya siku ya kupiga kura. Kwa maoni yangu siasa hazimleti popobawa. Zinaleta wasiwasi, na watu wenye wasiwasi hulala vibaya na kusadiki upesi. Aliyechunguza wimbi lile kwa makini ni mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyekuwa akifanya kazi Pemba wakati huo, na maandishi yake yanaonyesha jinsi kila upande ulivyomgeuza jini huyo kuwa hoja dhidi ya mwenzake.

Madaktari wanasemaje?

Wanasema kile ambacho bibi zetu walikiita kukabwa na jinamizi. Mtu anapoota, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili asirushe mikono na miguu kitandani. Mara nyingine fahamu hurudi kabla misuli haijafunguliwa. Kwa sekunde kadhaa, au hata dakika moja mbili, uko macho, huwezi kujongea, kifua kizito, na ndoto bado inaendelea ndani ya chumba chako. Hutokea zaidi kwa mtu aliyechoka, aliyekatizwa usingizi, au aliyelala chali. Kule Newfoundland, Kanada, watu walieleza jambo lile lile, ila wao walimwona bibi kizee mchawi aliyewakalia kifuani.

Maelezo hayo yanatosha kwa mtu mmoja na usiku mmoja. Hayatoshi kueleza kwa nini kisiwa kizima kilipatwa mwezi mmoja. Hapo inabidi uongeze hofu yenyewe: ukiambiwa mchana kwamba usiku kuna kitu, utalala kwa mang'amung'amu, na usingizi wa namna hiyo ndio unaozaa jinamizi. Mwezi wa Ramadhani, watu wakiamka kula daku, usingizi umekatika tayari. Huu wa daku ni mchango wangu mwenyewe, uchukue kwa kadiri utakavyoona.

Kuna mtu aliyewahi kufa kwa sababu yake?

Ndiyo, na hakuuawa na jini. Katika wimbi lile la 1995, mjini Zanzibar, kundi la watu lilimpiga hadi kumuua mwanamume aliyedhaniwa kuwa ndiye popobawa. Ilikuja kujulikana kuwa alikuwa mgonjwa wa akili aliyetoka bara kuja kutibiwa. Wanaotuma ujumbe wa kuchekesha kwenye simu kila uvumi unapoanza wakumbuke kwamba mzaha huo una maiti.

Mngwa na nunda ni kitu kimoja?

Kwa wengi wa pwani, ndiyo: paka mkubwa kuliko simba, mkali, mla watu. Lakini kila jina lina njia yake.

Nunda anatoka kwenye ngano. Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine. Sultani Majnuni alikuwa na paka aliyempenda kupita kiasi. Paka akala ndama, watu wakaja kushitaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, jibu likawa lile lile. Akapanda hadi kula watu, mpaka akawala na watoto wa sultani mwenyewe, na hapo ndipo sultani akatambua kwamba yule si paka tena, ni nunda. Mtoto wa mwisho, aliyekuwa akidharauliwa kwa kukaa jikoni, ndiye aliyetoka kumsaka. Kila mara alirudi na mnyama mkubwa kuliko wa jana, akimwimbia mama yake kwamba amemuua nunda, na mama akimwimbia kwamba bado, huyu siye. Kaua mbwa, ngawa, punda milia, twiga, faru, ndovu, bado siye. Ukimsimulia mtoto hadithi hii leo, ataimba kiitikio kabla hujafika kwa twiga.

Sikuoni ukitafuta nyayo za nunda baada ya kuisikia. Ni hadithi ya mtawala anayemlinda mpendwa wake hadi mpendwa huyo anawala watoto wake, na waliokuwa wakiisikiliza barazani walijua inamsema nani.

Basi mngwa ndiye wa kweli?

Huyu ana ushahidi wa namna fulani. William Hichens, ofisa wa serikali ya kikoloni Tanganyika, aliandika kuhusu mauaji yaliyotokea pwani ya kusini, upande wa Lindi, miaka ya 1920. Askari aliyekuwa akilinda soko usiku alikutwa ameraruliwa, na mkononi mwake ameshika manyoya ya rangi ya kijivu. Mauaji yakarudiwa katika siku zilizofuata. Wenyeji walisema si simba wala chui, ni mngwa. Mwindaji mmoja, Patrick Bowen, alieleza nyayo zilizofanana na za chui lakini kwa ukubwa wa simba dume.

Hichens hakuwa mgeni wa lugha hii. Ndiye aliyehariri utenzi wa Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya mshairi Muyaka mwaka uliofuata. Kwa hiyo siwezi kumtupa kama mtu aliyesikia nusu akaandika yote. Hata hivyo, ngozi haikupatikana, fuvu halikupatikana, na manyoya yale hayako kwenye makumbusho yoyote unayoweza kwenda kuyaangalia. Lindi hadi leo ni mkoa ambao simba hula watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliua watu wengi katika mikoa ya Lindi na Mtwara, hasa mashambani, ambako wakulima hulala madunguni kulinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu. Simba mmoja mzee mwenye manyoya yaliyochakaa angetosha kuanzisha habari ya mngwa. Ndivyo ninavyoamini, mpaka mtu alete fuvu.

Na simba-watu wa Singida?

Hapo hatuzungumzi tena juu ya mnyama. Katika miaka ya 1940, huko Singida, watu walikuwa wakikutwa wamekufa na majeraha kama ya makucha, na uchunguzi ukaonyesha kwamba wauaji walikuwa binadamu waliovaa ngozi za simba. Kesi zilifika mahakamani na watu wakahukumiwa kunyongwa. Ngozi ilimsaidia muuaji kwa namna mbili: ilificha sura yake, na ikawafanya majirani waogope kutoa ushahidi, maana nani atashuhudia dhidi ya mtu anayegeuka simba?

Chui wa Unguja bado yupo?

Huyu alikuwepo kweli, hakuna shaka. Alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, madoa yake madogo na yamesongamana, na mwaka 1932 mtaalamu Reginald Pocock alimwandika kama namna ya pekee ya chui. Katika makumbusho ya Zanzibar kuna mmoja aliyekaushwa.

Kilichommaliza ni mambo mawili kwa pamoja. Misitu na mapori ya kisiwa yaligeuzwa mashamba, naye akaanza kula mbuzi. Na watu wa vijijini walitofautisha chui wa porini na chui wa kufugwa, yaani wale walioaminika kufugwa na wachawi ili kuwatisha na kuwadhuru majirani. Baada ya Mapinduzi ilifanyika kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao kwa pamoja, na chui akawindwa kama kielelezo cha uchawi. Rekodi za mwisho za chui waliouawa ni za miaka ya 1980.

Tangu hapo watu wameendelea kusema wamemwona, hasa upande wa Jozani na kusini. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilitangaza kimempata kwenye kamera ya kutegwa. Ni picha ya muda mfupi, ya usiku, na haikuwatosheleza wataalamu. Jambo la kustaajabisha kwangu ni kwamba wapo waliowaomba wenye chui wa kufugwa wawaonyeshe, hata kwa malipo. Ahadi zilitolewa. Chui hakuja.

Kwa nini watu husema Kenya kuna dubu?

Kwa sababu walowezi wa Kiingereza waliona kitu gizani wakakipa jina la mnyama wa kwao. Mwanzoni mwa karne ya 20, Geoffrey Williams alieleza kwamba alimwona mnyama akiketi wima kama dubu katika nyanda za Uasin Gishu, mabega yake yakiwa juu kuliko kiuno. Wajenzi wa reli ya Magadi nao walikuja na habari zao kabla ya Vita vya Kwanza. Magazeti yakamwita dubu wa Nandi.

Wanandi wenyewe walikuwa na chemosit, na ukisoma alivyoelezwa na A. C. Hollis mwaka 1909 utashangaa aligeuzwaje dubu. Chemosit ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja na makalio tisa, mdomo wake mwekundu hung'aa usiku kama taa, na hutembea kwa kujikongoja na fimbo mfano wa mkuki. Hutokea dubu hapo? Walowezi walichukua jina la zimwi la kutishia watoto wakalibandika juu ya fisi.

Maana wengi waliochunguza visa hivi wameishia kwa fisi: mabega ya juu, kiuno cha chini, mwendo wa kuchechemea, na tabia ya kung'ata kichwa cha mtu aliyelala. Vingine huenda ni nyegere mzee au muhanga. Dubu wa porini kusini mwa Sahara hayupo. Wa Afrika walikuwa milima ya Atlas, nao walitoweka.

Nguva ni nusu mtu?

Ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, anayekula nyasi za bahari kama ng'ombe malishoni, na anaweza kufika urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400. Jike ana chuchu mbili karibu na makwapa, na kutoka hapo ndipo hadithi zote zilipoanza. Kuna simulizi iliyoenea katika vijiji vya uvuvi kwamba mvuvi aliyepata nguva aliapishwa kwa Msahafu kuwa hakumfanyia jambo la aibu. Sijui ni mnyama gani mwingine duniani aliyepewa heshima hiyo.

Mwenyewe amebaki wachache mno. Tanzania matumaini yaliyosalia yako kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Kenya ni upande wa Lamu. Anakufa kwenye nyavu, kwa kuwa lazima apande juu kuvuta pumzi na jarife halimwachii. Ajabu ni kwamba kijana wa leo akisikia nguva humfikiria msichana mwenye mkia wa samaki aliyemwona kwenye katuni, na mnyama wenyewe anaisha pasipo yeye kujua kwamba aliwahi kuwepo.

Kuna kiumbe "wa hadithi" aliyewahi kupatikana kweli?

Wapo, na wa karibu nasi zaidi ni kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe waliambiwa na wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye aibu anayeitwa kipunji. Hawakujua wamsadiki nani, kwa sababu katika masimulizi ya Wanyakyusa wanyama wa kweli na wa kiroho huchanganywa bila mtu kutangulia kusema yupi ni yupi. Baadaye mwaka huo wakamwona: rangi ya kahawia, nywele zimesimama utosini, na mlio wa kubweka usiofanana na wa nyani mwingine. Kikundi kingine cha watafiti, kwa utafiti wake chenyewe, kilimkuta katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, mwaka 2004. Alitangazwa rasmi 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi (ukoo wa kisayansi) yake mwenyewe, ya kwanza kwa nyani wa Afrika tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuta kama 1,100 tu.

Okapi wa msitu wa Ituri, Kongo, ni ndugu wa kisa hicho. Wambuti, wenyeji wa msitu huo, walimla na kuvaa ngozi yake muda wote ambao Ulaya ilimdhania porojo. Harry Johnston alipotuma vipande vya ngozi London, wataalamu walimwandika kuwa aina ya farasi. Fuvu lilipofika mwaka 1901 ikaonekana ni jamaa wa twiga. Leo jina lake limepewa redio inayosikika kote Kongo.

Na kuna silikanti. Wataalamu walidhani samaki huyu alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini Desemba 1938. Wa pili alitafutwa miaka 14, akapatikana Komoro, ambako wavuvi walimjua tayari na kumwita gombessa. Walimwona hana ladha. Wa Tanzania walianza kuripotiwa 2003 katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu, hasa Tanga, hadi serikali ikaanzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009.

Katika visa hivi vitatu wenyeji hawakuwa na fumbo lolote. Walikuwa na jina la mnyama, tabia yake na mahali anapolala. Ukitaka kupima habari ya kiumbe mpya, uliza maswali hayo kwanza: anakula nini, anazaa lini, nyama yake ikoje? Aliyemjua mnyama atakujibu kwa kuchoka. Asiyemjua ataanza kukueleza macho yake yanavyowaka.

Je, Kongo kuna dinosaria aliye hai?

Hapana. Mokele-mbembe wa Likouala, Kongo-Brazzaville, ametafutwa na misafara mingi tangu miaka ya 1980, hasa kuzunguka Ziwa Tele, na hakuna aliyerudi na mfupa. Ukitaka dinosaria wa kweli, mtazame wa kwetu: kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 wakasafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa. Wapagazi waliibeba kichwani hadi bandarini, siku kadhaa kwa miguu. Mifupa ya mmoja wao imesimama Berlin kwa urefu wa mita 13 na ushee, na suala la kuirudisha huzuka bungeni kila baada ya muda.

Agogwe, marozi na lukwata je?

Agogwe ni vijitu vyenye nywele nyekundu ambavyo Hichens alidai kuviona nyanda za Wembere. Ushahidi ni maneno tu. Marozi ni simba mwenye madoa wa milima ya Aberdare. Michael Trent aliwaua wawili mwaka 1931 na ngozi ilipelekwa London. Wana-simba wote huzaliwa na madoa, na wengine hubaki nayo ukubwani, kwa hiyo sioni haja ya kutafuta aina mpya. Lukwata wa Ziwa Nyanza pengine ni chatu, au mamba, au gogo.

Mbona zimwi na kinyamkela hawamo?

Kwa sababu hakuna anayeuliza kama wapo. Zimwi ni mali ya msimulizi. Kinyamkela na majini wengine ni mambo ya waganga na wagonjwa wao, na anayetaka kuyajua akakae na waganga, asije na kamera.

Nimeona kitu nisichokijua. Nifanye nini?

Usikiue. Piga picha ukiweka kitu cha kulinganishia ukubwa kando ya unyayo, kandambili inatosha. Manyoya au kinyesi vitie kwenye karatasi kavu, si mfuko wa plastiki, maana vitaoza. Andika siku, saa na mahali, kisha peleka taarifa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Nguva aliyenaswa, kama bado ana uhai, mkatie wavu upesi ukiinua pua yake juu ya maji, wavu utashonwa. Silikanti, hata akiwa amekufa, mpeleke kwa ofisa uvuvi mzima mzima.

Na kama ni uvumi wa popobawa umeingia mtaani kwenu, laleni pamoja mkitaka, hakuna ubaya. Ila mgeni akipita usiku, muulizeni anakwenda wapi, mumuonyeshe njia.